Pima Uso, Usipime Gauni

Usoke, Urambo
12 Januari 2025

Bibi Kuluthumu,

Shikamoo. Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Siku ya kumi na tisa leo najipaka mkorogo usoni.

Nimechana karatasi mbili kabla ya kuliandika hilo. Kwenye simu hunisikii, na jambo hili siwezi kulipigia kelele mpaka likufikie, ndiyo maana nakuandikia.

Niliununua mnadani Urambo, kwenye kopo lisilo na jina. Unanuka kama yai viza lililonyunyiziwa marashi. Asubuhi naenda kujipaka nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kwa sababu pale hakuna anayeweza kusikia harufu nyingine. Ngozi ya mashavu imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Nikinawa inabaki kwenye vidole. Naitazama, naapa sitarudia, na kesho yake narudia. Sijui kama kinyaa changu ni cha lile kopo au ni cha mimi mwenyewe.

Sababu ni mahafali. Mpiga picha alitupanga mbele ya ukuta mweupe wa bwalo, akachungulia kioo cha kamera yake, akasema mbele ya wazazi wote, "Wewe dada wa nyuma, hebu cheka tuone kama upo!" Watu waliangua kicheko. Baba naye alicheka, nadhani hakujua afanye nini. Mimi sikucheka. Picha zilipokuja, kweli sikuwepo. Kuna kola nyeupe ya shati, na juu ya kola hakuna mtu.

Miaka minne nilipanga chumba kwako, Bibi, ukanifundisha kamera kila Jumapili, na sikuwahi kukuomba unipige picha. Sasa nataka kujipiga mwenyewe. Nataka nijue nafanana na nani. Bibi Yustina, mama yake Baba, husema nafanana na marehemu Mama, lakini Mama alifariki nikiwa na miaka miwili, siukumbuki uso wake.

Filamu ya kwanza niliyoimaliza kwenye kamera uliyoniazima nimempa Ezekia, kondakta wa basi, akuletee uioshe. Nimempiga Baba na Bibi Yustina. Betri ya mita ya mwanga ilikuwa imekufa, nikaweka nyingine ya kwa fundi saa. Nilisubiri mshale usimame katikati kama ulivyonielekeza.

Mjukuu wako,
Flavia Mathias


Gongoni, Tabora
19 Januari 2025

Flavia,

Marahaba. Hilo kopo litupe chooni kabla hujaendelea kusoma. Nenda, nakusubiri.

Umerudi? Sasa osha uso kwa maji matupu. Usipake kitu kingine cha kurekebisha, maana ndiyo akili ya kila anayeungua, anatafuta cha pili cha kuponya cha kwanza. Jifunike jua. Pakitoa maji nenda zahanati, na waambie ukweli, wameshaona wengi.

Filamu nimeiosha. Mjukuu wangu, umenipigia familia iliyokimbia ikaacha nguo! Kanzu nyeupe ya bibi yako naiona mpaka mshono. Bibi yako mwenyewe sijui alikwenda wapi.

Kosa la kwanza ni betri. Kamera hiyo ilitengenezwa itumie betri za zebaki, nazo hazitengenezwi tena. Ya fundi saa ina nguvu kupita inavyotakiwa. Mshale unaruka, unadhani jua limeongezeka, nawe unafunga lenzi bure. Nakutumia betri sita za kifaa changu cha sikio, nguvu yake inakaribia ile ya zamani, nimezijaribu. Bandua kile kikaratasi cha gundi, iache ipumue dakika tano, ndipo uiweke. Usiniulize nitasikiaje. Mtaa huu hakuna jipya.

Kosa la pili ni lako. Mita haijui inatazama nini. Haijui gauni wala uso. Inadhani dunia yote ina rangi moja, kijivu cha katikati, na kila unachoionyesha inataka kukirudisha huko. Ukiionyesha nguo nyeupe inasema mwanga umezidi, funga. Nguo inakuwa ya kijivu na uso unazama. Ukiionyesha uso mweusi peke yake inasema giza limezidi, fungua. Uso unapauka, mtu anakuwa kama kapakwa majivu. Kote kuwili imekudanganya. Sogea mpaka uso ujae kwenye kioo, kivuli chako kisimwangukie, soma mshale, kisha funga lenzi hatua moja. Rudi mahali pako, piga. Mweusi abaki mweusi, na aonekane.

Pima uso, usipime gauni. Liandike mahali.

Yule kijana wa mahafali namjua bila kumwona. Mpiga picha akishindwa kupima mwanga lazima amtafute wa kumlaumu, na aliye karibu ni yule aliyesimama mbele yake.

Filamu mbili nimekuwekea. Zilikaa kwenye friji chini ya samaki, usizikunjie pua.

Bibi yako,
Kuluthumu Abasi


Usoke
26 Januari 2025

Bibi,

Shikamoo. Nimelitupa. Lilielea. Nilisimama pale nikiziba pua, nalitazama likizunguka katikati ya vile vitu, na nikawaza kuwa asubuhi ile ile nilikuwa nimejipaka hicho kitu karibu na mdomo. Nikatapika juu yake. Mpaka leo sijala mboga yenye mafuta.

Wiki hii tunachuma. Majani ya tumbaku yakiwa na umande yanatoa gundi inayoganda mikononi ikawa nyeusi kama lami, sabuni haiitoi, na harufu yake inakuingia mpaka kichwani. Ukila ugali unakula na tumbaku. Bibi Yustina anasema, "Flavia, shusha hiyo pua, utazeeka nayo hivyo hivyo imekunjamana." Siwezi kuishusha, Bibi. Kila kitu hapa kinanikinaisha.

Lakini nimegundua jambo. Kati ya majani yaliyokataliwa kuna yaliyoungua kidogo yakawa ya kahawia, hayana mng'ao. Nilimsimamisha Baba nje, nikapima uso wake kama ulivyosema na kufunga hatua moja. Halafu nikalishika jani pembeni ya shavu lake, kwenye mwanga ule ule, nikalipima lenyewe bila kupunguza kitu. Mshale ulisimama pale pale. Nimerudia kwa Bibi Yustina, na kwa jirani yetu Doto ambaye ni mweupe kidogo. Jani halijali ni nani. Linapokea tu mwanga ulio hapo. Je, ni sahihi, au nimejidanganya?

Sasa nikueleze kwa nini nililia niliposoma barua yako. Sebuleni kwetu kuna picha moja ya Mama, ya siku ya harusi yake mwaka 2005. Hakuna nyingine, maana baada ya hiyo hakukubali tena kupigwa. Ni nyeusi-nyeupe, imebandikwa kwa gundi kwenye fremu. Nyuma yake kuna pazia la kuchorwa lenye treni inayopita darajani. Pembeni kuna stuli yenye chombo cha maua. Katikati ni gauni, lina lesi shingoni na mikono ya puto. Juu ya lesi ni giza, Bibi. Hakuna macho wala pua. Miaka kumi na minane namtazama mama yangu na hayupo.

Doto kila akija lazima aseme, "Mathias bwana, wewe ulioa gauni!" Baba anacheka kile kicheko chake cha mahafali. Mimi natoka nje.

Nilidhani Mama alikuwa mweusi kiasi hicho, na kwamba mimi nimerithi. Kumbe kuna mtu alielekeza mita kwenye gauni! Alishindwa kusogea hatua tatu kumpima bibi harusi uso. Nisamehe kwa kusema hivi juu ya mwenzako wa kazi, lakini alikuwa mpumbavu na mvivu, na nikimwaza nasikia kinyaa kuliko kwa lile kopo. Alipokea harusi ya mtu, akampa nguo.

Nijibu kuhusu jani.

Mjukuu wako,
Flavia


Gongoni
16 Februari 2025

Flavia,

Jani ni sahihi. Nimeomba moja kwa mchuuzi sokoni, nikalipima na kadi yangu ya kijivu ya zamani, ile ya kupimia mwanga. Tofauti haifiki nusu ya hatua. Lifunge kwenye gazeti lisipate unyevu, na usitumie lililong'aa.

Nataka jibu la jambo moja tu. Kile chombo cha maua kwenye stuli, kina masikio mawili au moja limevunjika?

K. Abasi


Usoke
20 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Wiki tatu nilikuwa namwuliza Ezekia kila basi likisimama. Mpaka akanitania, "Binti, huyo mchumba wa Gongoni kakuacha?" Barua ilipokuja nikaigeuza nyuma nikidhani kuna kurasa nyingine.

Hukuniita mjukuu. Hukuitikia shikamoo yangu. Najua ni kwa sababu ya mkorogo. Mara ya kwanza ulinionea huruma, halafu ukakaa ukafikiri, ukaona ni uchafu gani uliolala nyumbani kwako miaka minne. Sikulaumu. Hata mimi nikijiona kwenye maji ya ndoo nageuka. Pale palipobanduka pamekuwa pekundu, na pembezoni pameiva pakawa peusi zaidi ya mwanzo, kama masizi. Ningekuwa wewe nami nisingetaka kuniandikia.

Nimekuwa nikijifunika kanga nikisema ni gundi ya tumbaku inaniwasha. Juzi Bibi Yustina aliivuta kanga akaniangalia sana. Nilidhani atanipiga. Alisema maneno mawili tu, "Hata wewe?" Nikamwuliza, "Hata mimi na nani, Bibi?" Akachukua ungo wake akatoka. Tangu hapo nikiingia jikoni yeye anatoka.

Chombo kina sikio moja. La kushoto limevunjika. Nimekitazama maisha yangu yote, nakijua.

Lakini mimi sikukuandikia habari za sikio la chombo. Umejuaje?

Flavia


Gongoni
2 Machi 2025

Mjukuu wangu Flavia,

Marahaba, mara mbili, ya leo na ile niliyokunyima.

Hujanitia kinyaa hata siku moja. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu mpumbavu uliyemtaja ni mimi. Nililivunja mwenyewe lile sikio la chombo nikifagia studio. Pazia la treni lililiwa na mchwa kabla hujaja kupanga kwangu. Miaka minne umenywa chai sebuleni kwangu na sikujua wewe ni mtoto wa Pelagia. Hukuwahi kumtaja kwa jina, nami sikuuliza.

Leo ni siku ya pili ya mfungo, na nimejiambia sitafuturu leo na uongo tumboni. Soma yote.

Mama yako alikuja Juni mwaka ule, peke yake, kwa treni kutoka Usoke. Alitaka kwanza ajaribu picha moja aone atakavyotoka siku ya harusi. Nilikuwa na wateja wengi, nikapima ukuta, nikapiga, nikaosha. Akatoka mweusi hana macho. Nilijua kosa ni langu. Nilikuwa na miaka kumi na minane kwenye kazi, ningekosaje kujua? Lakini studio ilikuwa imejaa wanawake wa mjini, nikaona haya kusema nimekosea mbele yao. Nikasema, "Binti, wewe ni mweusi mno, mita inakukataa. Tafuta la kufanya kabla ya harusi." Wakacheka. Nami nilicheka nao.

Yule kijana wa mahafali nilikuambia namjua bila kumwona. Sasa unajua nilimjuaje.

Septemba alirudi na gauni. Shela ilikuwa imemfunika mpaka kifuani. Mume wake na watu wa harusi aliwaacha nje. Akafunua. Mashavu yote mawili yalikuwa mabichi kama nyama ya buchani, pembezoni masizi, kama unavyojieleza wewe. Dawa ya kuficha aliyojipaka ilikuwa inateleza juu ya majimaji. Hakunitukana. Alisema, "Mama, uliniambia nitafute la kufanya. Nimelifanya. Sasa nifiche."

Nilimwambia tuahirishe. Akasema watu wako nje, picha lazima iwepo. Akataka nyeusi-nyeupe, maana za rangi nilikuwa napeleka kuoshwa kwa wengine na hakutaka mwingine amwone. Basi nikapima gauni. Siyo kwa uvivu, Flavia. Nililipima kwa makini kuliko kitu chochote nilichowahi kupima, halafu nikafunga hatua moja zaidi ili asibaki hata nukta ya jicho. Nikapiga mara moja. Akashusha shela, akatoka kwa watu wake.

Ungeweza kuniambia nilimtendea wema. Usiniambie. Nilipokuwa namficha nilisikia nafuu, kwa sababu kilichokuwa usoni pale kilikuwa kazi yangu. Tangu siku ile sijawahi kupima kitu kingine isipokuwa uso. Watu wananisifu kwamba najua kupiga watu weusi. Sifa hiyo ikitajwa nasikia harufu ya yale majimaji.

Negativu ya siku ile, kile kipande cha filamu iliyooshwa, nimeitunza kwenye kopo la chai. Nakuletea, ni haki yako. Lakini usiwe na matumaini makubwa. Ni nyembamba mno, mwanga haukuandika kitu. Nimejaribu kuichapa mara nyingi kwa miaka hii, inatoa giza lile lile.

Kuluthumu


Usoke
6 Machi 2025

Kwa Bi Kuluthumu Abasi,

Nimesoma. Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka paji la uso, akaona mashavu, akasita. Nilitaka kumwambia yote pale pale, foleni ikanisukuma.

Siwezi kuandika shikamoo leo.

Kila Jumapili uliponifundisha nilikuwa naushika mkono wako. Nikikumbuka nautazama mkono wangu. Alisafiri na treni peke yake kukuuliza wewe. Wewe ulijua, na ukacheka.

Usiniandikie. Nikiweza nitaandika mimi.

Flavia Mathias


Usoke
27 Machi 2025

Bibi Kuluthumu,

Shikamoo.

Ulitii, hukuandika. Ezekia aliniuliza kama tumegombana, nikamwambia tunafunga, wewe Ramadhani na mimi Kwaresima, akaona inaingia akilini.

Ile negativu sikuitazama wiki mbili. Niliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo na kila Jumapili naimba bila kukifungua. Nilikuwa nimekasirika, na zaidi ya hasira ilikuwa kile kinyaa, kimeganda kama gundi ya tumbaku, nikinawa hakitoki. Nilimchukia yule wa mahafali, nikakuchukia wewe, nikawachukia wale wanawake wa mjini waliocheka. Nikamchukia hata Mama, Mungu anisamehe, kwa nini alikusikiliza. Halafu nikakumbuka kwamba mimi niliambiwa sentensi moja tu na mtu nisiyemjua jina, nikaenda mnadani.

Jumamosi Doto alikuja kuazima baiskeli. Akaitazama picha, akasema yake, "Mathias bwana, na gauni lako!" Nilikuwa naelekea mlangoni kama kawaida. Ila safari hii Baba hakucheka. Alisema taratibu, "Doto, mimi namjua aliyemo." Doto akaomba pampu.

Nikamfuata Baba kwenye bani, nikamwuliza Mama alikuwaje siku ya harusi. Aliendelea kupanga kuni. Akasema, "Alijifunika mpaka jioni. Uso wake ulikuwa na vidonda, hakuniambia vya nini. Mwaka uliofuata, ukiwa tumboni, ukapona wote. Mwanangu, uso wa mama yako ulipopona!" Akaishia hapo, akaniambia moshi unamwumiza macho. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Jumapili baada ya misa nikaitoa. Niliiinua juu kuelekea mbinguni kama ulivyonifundisha kusoma negativu. Hamna kitu, kama kipande cha kioo kichafu. Nikajua ulisema kweli. Basi nikakaa kizingitini, nikailaza juu ya mkono wangu nitafute upande usiong'aa, niirudishe kitabuni vizuri isikwaruzwe. Mkono ulikuwa mweusi wenyewe na mweusi wa gundi ya wiki nzima. Mwanga ulikuwa unaingia kwa ubavuni, kutoka mlangoni.

Bibi, alitokea.

Sikujua kama negativu inaweza kufanya hivyo. Labda wewe unajua. Ile alama hafifu ya tabaka la filamu, ikiwa juu ya cheusi na mwanga ukija kwa pembeni, inakuwa nyeupe, na pale pasipo na kitu panabaki peusi kama mkono ulio chini yake. Giza lote likageuka. Gauni likawaka. Na juu ya lesi, hafifu sana kama pumzi kwenye kioo, ulikuwepo uso. Nikiuinamisha mkono kidogo unapotea, nikiurudisha unarudi. Nilijaribu juu ya karatasi nyeupe, hayupo. Juu ya kanga ya njano, hayupo. Juu ya mkono wangu yupo.

Vidonda vinaonekana, vya mashavu yote, pale pale vilipo vyangu. Macho yanatazama moja kwa moja, hayaombi. Nami maisha yangu yote nilitaka kujua nafanana naye wapi. Amekunja pua, Bibi. Ile ile. Amesimama siku ya harusi yake na gauni la lesi, na amekunja pua kama mtu aliyefunguliwa kopo lenye yai viza. Sijui ilikuwa ni kwako, au ni kwa dawa iliyokuwa inateleza, au ni kwa wote waliokuwa nje. Nilicheka peke yangu kizingitini mpaka Bibi Yustina akatoka kuona. Nikaifunika kwa kiganja. Akaniambia, "Na hiyo pua, Flavia, hata ukicheka?" Nikamwambia, "Sasa siishushi."

Sijakusamehe yote. Nakuambia ukweli, kwa sababu na wewe uliniambia. Yale maneno ya Juni bado yananitia kichefuchefu, nadhani yataendelea. Lakini wiki tatu hizi nilikuwa napima mwanga kwa mita inayosoma sawasawa, na kila mshale ulipotulia nilikumbuka ni kwa nini umetulia, na kwamba wewe huko husikii adhana ya kufuturu mpaka uangalie saa ya ukutani. Zilizobaki ni betri tatu. Moja imo kwenye kamera, mbili nimezirudisha kwenye bahasha hii, karatasi zake za gundi sijazibandua. Uziweke sikioni kabla ya Idi. Sitaki watu wakuamkie na wewe usiwasikie.

Kwenye kifurushi kuna filamu. Picha ya mwisho ni mimi. Nilitundika jani kwenye kamba usawa wa shavu, nikapima jani, nikampa Baba kamera abonyeze. Sikujifunika. Mashavu yako kama yalivyo, mekundu katikati na masizi pembezoni. Uioshe mwenyewe na uichape kama mwanga ulivyoandika. Ukiona inakutia huruma, usiipunguze wala kuiongeza. Mama alikuomba umfiche. Mimi nakuomba usinifiche.

Ila yake tuiache. Najua ungeweza kujaribu njia nyingine, au kumtumia mjukuu wako Issa huko Dar ambaye ana mashine za siku hizi zinazotoa uso hata gizani. Usimpe. Sitaichapa na sitaitundika. Fremu ya sebuleni itabaki na gauni lake, na Doto atasema atakachosema. Baba anao uso ule uliopona, anautunza huko anakoutunza, sitaki kumpa huu mwingine juu yake. Na Mama alikuomba neno moja tu, halina tarehe ya kwisha.

Ulimwona wewe, nimemwona mimi. Aliyebaki ni mkono wangu, nao hausemi. Kwa hiyo nakuomba, Bibi, hata siku nikija Gongoni tukikaa na watu na habari za picha zikatajwa, nyamaza. Usimwambie mtu kwamba anaonekana.

Mjukuu wako,
Flavia